Ihanja ilikosa mifupa, haikukosa habari

Na Mwandishi Wetu

Kitabu cha sayansi kikifika kwenye ukurasa wenye picha ya dinosaria, mwanafunzi wa Ihanja, wilayani Ikungi mkoani Singida, ana swali ambalo mwenzake wa Lindi hana haja ya kuliuliza: hawa wanyama walifika na kwetu? Lindi ina Tendaguru. Songwe ina bonde la Mtuka. Kusini-magharibi, upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kuna bonde la Ruhuhu. Singida haimo katika orodha hiyo, na mwalimu mwenye haraka ya kumaliza kipindi anaweza kumjibu mtoto kwamba hapana, hawakufika.

Jibu hilo halina msingi. Dinosaria walitamba nchi kavu kwa zaidi ya miaka milioni 160. Kwa sehemu kubwa ya muda huo Afrika ilikuwa bado imeshikana na Amerika ya Kusini, na mnyama aliyeweza kutembea alikuwa na njia. Hakukuwa na bahari iliyotenga Singida na Lindi. Kilichokosekana Ihanja si mnyama, ni kaburi.

Mfupa haudumu mamilioni ya miaka kwa sababu ya ugumu wake. Unadumu pale ardhi inapozama na tope au mchanga ukaufunika upesi, kabla fisi, mchwa, jua na mvua havijaumaliza. Ardhi ya Singida si ya kuzama. Ni kipande cha kale sana cha dunia, kigumu, kilichoinuka, na kila kilichofia juu yake kilisagika na kuchukuliwa na maji kwenda kwingine. Lakini ugumu huohuo umeitunzia Ihanja habari nyingine, zilizo kongwe kuliko mfupa wowote wa Tendaguru.

Jiwe lililotangulia pumzi

Tuanze na majabali, maana ndiyo mgeni wa Singida huyaona kwanza. Okota kipande kilichotoka kupasuliwa na wapasua kokoto, kabla jua halijakifubaza. Punje nyeupe, au zenye wekundu wa mbali, ni feldispa. Zile za kijivu zenye mng'ao wa kioo ni kwatzi. Vipande vyeusi vinavyobanduka kwa ukucha ni mika. Punje zote zinaonekana kwa macho bila msaada wa chombo, na ukubwa huo ni ushahidi: mwamba huu ulipoa polepole, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Kilichokuwa juu yake kimeshaliwa na mmomonyoko, ndiyo maana leo jabali limesimama juani na mbuzi wanalipanda.

Ndani ya mwamba huo, uitwao graniti, mna madini madogo zaidi yanayoitwa zirkoni, ambayo mengi hayaonekani bila hadubini. Zirkoni inapoundwa hunasa urani ndani yake lakini huikataa risasi. Kuanzia hapo urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani ya aina kuu huisha kwa miaka bilioni 4.47. Mtaalamu anayepima kiasi cha risasi dhidi ya urani iliyobaki hupata umri wa jiwe. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba graniti nyingi za katikati na kaskazini mwa Tanzania zina umri wa kati ya miaka bilioni 2.5 na 2.8.

Dunia yenyewe ina umri wa miaka bilioni 4.54, na punje kongwe kuliko zote zilizopatikana hadi sasa ni zirkoni za vilima vya Jack Hills huko Australia, zenye miaka bilioni 4.4. Kemia yake inaashiria kwamba hata enzi hizo maji yalikuwapo juu ya uso wa dunia. Majabali ya Singida ni machanga kuliko hizo, lakini yalikwishakuwapo kabla hewa haijawa na oksijeni ya kutosha kuvuta. Oksijeni ilianza kujaa angani yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, ikitolewa na vijidudu vya baharini. Bahari za kabla ya hapo zilijaa chuma kilichoyeyuka, na chuma hicho kilipotua chini kiliacha matabaka mekundu na ya kijivu yanayopokezana. Miamba ya namna hiyo ipo katika mikanda ya kale ya nchi yetu, pamoja na lava iliyomwagikia baharini, na ndani ya mikanda hiyo ndimo dhahabu ilimo.

Mkanda mmoja unapita Iramba, kaskazini mwa Ikungi. Hapo ndipo mgodi wa Sekenke ulipoanza kuzalisha mwaka 1909, enzi za Wajerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo mjini Tabora mwaka 1916, vita vilipokuwa vimewakatia njia ya bahari. Wilayani Ikungi kwenyewe, huko Mang'onyi, dhahabu inachimbwa hadi leo. Mchimbaji anayeponda jiwe hapo anaponda sehemu ya dunia ya kabla ya oksijeni.

Wanajiolojia hukiita kipande kizima hiki Kratoni ya Tanzania. Mzizi wake unashuka zaidi ya kilomita 100 kwenda chini. Volkano ya Labait, karibu na mlima Hanang, ilipolipuka ilipandisha vipande vya mzizi huo, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 1999 vilionyesha kwamba sehemu yake ya juu ina umri wa miaka bilioni 2.5 hadi 2.9. Majabali ya juu na mzizi wa chini ni rika moja.

Ugumu huo ndio ulioufanya Ufa Mkuu wa Afrika ugawanyike. Ufa ulipofika kwenye kratoni ulishindwa kuipasua, ukazunguka pande zote mbili: mkono mmoja ukapita Natron na Manyara, mwingine ukapita Tanganyika na Albert. Kipande kilichobaki katikati, kinachobeba Ziwa Victoria na sehemu kubwa ya Singida, hujizungusha polepole kinyume na mwendo wa saa. Mwaka 2020 Anne Glerum na wenzake walichapisha hesabu za kompyuta zinazoonyesha kwamba kinachokizungusha ni namna mikono hiyo miwili inavyokivuta kwenye kingo zake.

Waliozama topeni

Sasa linganisha na Lindi. Miaka milioni 150 iliyopita Tendaguru ilikuwa pwani ya chini yenye vidimbwi na tambarare za tope, bahari ikiingia na kutoka. Ardhi ilikuwa ikishuka taratibu na tope likiongezeka. Hapo mfupa ulipata kaburi.

Wenyeji waliijua mifupa hiyo kabla ya mwaka 1906, ambapo mhandisi Bernhard Sattler alipeleka habari zake kwa wakubwa wake. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Makumbusho ya Berlin, ulioanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mzigo wote ulifika bandari ya Lindi juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mnyama mkubwa kuliko wote katika mzigo huo, Giraffatitan, amesimamishwa Berlin kwa kimo cha mita 13.27. Jina la Boheti lilipewa dinosaria mwingine wa Tendaguru, Australodocus bohetii, mwaka 2007 tu.

Lakini thamani ya Tendaguru haiishii kwenye ukubwa wa mifupa. Namna mifupa ilivyolala inaeleza tabia za wanyama wenyewe. Baadhi ya miguu ya majitu hayo ilikutwa imesimama wima ndani ya mwamba, nyayo zikiwa chini, huku sehemu kubwa ya mwili juu yake ikiwa imetoweka. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mnyama alikwama topeni, akafia hapohapo, na kilichobaki juu ya tope kikaliwa na kuoza. Anayeishi kando ya mbuga za Wembere na amewahi kuona ng'ombe aliyenasa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Mahali paitwapo Kindope, jirani na Tendaguru, palitoa maelfu ya mifupa ya dinosaria mdogo mla majani, Dysalotosaurus, wakubwa kwa wadogo wamelundikana pamoja, dalili kwamba kundi zima lilikufa kwa wakati mmoja. Mwaka 2011 watafiti walieleza mfupa mmoja wa mnyama huyo ulioharibika kwa namna inayofanana na ugonjwa unaohusishwa na virusi kwa binadamu wa leo. Mwaka huohuo Heinrich Mallison alitumia kompyuta kujenga upya mkia wa Kentrosaurus, dinosaria wa Tendaguru mwenye miiba mgongoni na mkiani. Hesabu zake zilionyesha kwamba mkia huo uliweza kupigwa kwa kasi na kufika hadi ubavuni mwake, na mshambuliaji aliyekaribia kwa nyuma alijitafutia mwenyewe.

Bonde la Ruhuhu linarudi nyuma zaidi. Mwaka 2010 alitangazwa Asilisaurus kongwe, ndugu wa karibu wa dinosaria. Mwishoni mwa 2012 akafuata Nyasasaurus, ambaye mifupa yake ilichimbwa miaka ya 1930 ikakaa kabatini Uingereza kwa miongo minane. Kwa miaka yake takribani milioni 243, huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu kabisa. Songwe nayo ikatoa jitu lenye shingo ndefu, Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyetangazwa mwaka 2019. Ukiangalia ramani, maeneo yote haya yana sifa moja: ni mabonde yaliyozama na kujaa tope au mchanga. Hakuna hata moja lililoko katikati ya kratoni.

Volkano iliyochimba kaburi

Hata hivyo kuna siku Singida ilipata shimo lake. Magharibi mwa mji wa Singida, takribani kilomita 60, kwenye uwanda uleule Ihanja ilipo, pana mahali paitwapo Mahenge. Si ile Mahenge ya Ulanga, Morogoro, inayojulikana kwa vito. Mahenge ya Singida inajulikana kwa samaki waliogeuka mawe.

Chini ya kratoni, katika kina cha kilomita 150 na zaidi, mna joto na mgandamizo wa kutengeneza almasi. Mara chache katika historia ya dunia, uji wa mwamba uliojaa gesi hupanda kutoka kina hicho kwa kasi kubwa, na ukikaribia juu gesi hufumuka mithili ya soda iliyotikiswa kabla ya kufunguliwa. Mwamba unaobaki kwenye njia hiyo huitwa kimbalaiti. Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ni njia ya namna hiyo. Singida inazo kadhaa, na George Mannard ndiye aliyezichunguza kwa kina. Wala usidhani ni mambo yaliyokwisha zamani: vilima vya Igwisi mkoani Tabora, volkano changa kuliko zote za kimbalaiti zinazojulikana duniani, vililipuka yapata miaka 12,000 tu iliyopita.

Mlipuko wa Mahenge uliacha kreta, na kreta ikajaa maji. Zirkoni zake zinatoa umri wa miaka milioni 46. Ziwa lilikuwa dogo na tulivu, na tope laini lilitua chini tabaka juu ya tabaka. Samaki aliyekufa na kuzama alifunikwa bila kuvurugwa. Leo tope hilo ni mwamba laini wa matabaka membamba, na likiachanishwa kwa uangalifu, miiba ya samaki huonekana mmoja mmoja, mpaka ile myembamba ya mapezi.

Samaki hao si wa kupuuzwa. Mahengechromis, aliyeelezwa na Alison Murray mwaka 2000, ni miongoni mwa visukuku vya kale kabisa vinavyojulikana vya ukoo wa sato, perege na furu, ukoo unaolisha meza nyingi za kanda ya ziwa. Yupo pia chura aitwaye Singidella, na samaki wa ukoo mwingine ambaye jina lake la kisayansi ni Singida. Mwaka 2003 akatangazwa popo, Tanzanycteris mannardi, aliyepewa jina la pili kwa heshima ya Mannard. Sehemu ya sikio lake la ndani ni kubwa, ishara kwamba tayari alijua kuwinda gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake.

Majani ya miti yamo pia. Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen waliyapima na kukuta kwamba pembeni mwa ziwa palikuwa na pori la miti ya jamii ya kunde, lisilotofautiana sana na miombo ya leo, tena lenye mvua ya wastani tu. Kwa maneno mengine, ukame wa Singida una historia ndefu kuliko watu walioulalamikia.

Ziwa la Mahenge lilichelewa. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, baada ya kimondo kuanguka Chicxulub nchini Meksiko, na kreta ilikuja miaka milioni 20 baadaye. Kwa hiyo tope lake lilipokea popo, vyura na samaki wa dunia mpya. Lakini Mahenge inathibitisha jambo kwa ajili ya yule mwanafunzi: mara tu ardhi ya Singida ilipopata shimo, kumbukumbu ya uhai iliandikwa. Ukimya wa kabla ya hapo ni ukimya wa mwamba.

Dinosaria anayesafiri kwa tenga

Kuna ukoo mmoja wa dinosaria uliovuka janga lile, nao Singida inaufahamu vizuri kuliko mikoa mingi. Ndege ni wazao wa dinosaria walao nyama waliotembea kwa miguu miwili, na kuku wa kienyeji wa Singida, wanaopandishwa kwenye matenga kwenda Dar es Salaam kila siku, ni ndege kamili, na kwa hiyo ni dinosaria. Hapa hatusemi kwa mafumbo. Ndivyo sayansi inavyoupanga ukoo huo.

Anayechinja kuku nyumbani anaweza kuyahakiki. Mbele ya kidari pana mfupa mdogo wenye umbo la panda. Tyrannosaurus alikuwa nao. Mifupa ya shingo ina matundu yanayoingiza hewa kutoka vifuko vya pumzi. Pingili za Giraffatitan zina matundu ya aina hiyo, na bila wepesi huo shingo yake isingeinuka. Tetea anayekaribia kutaga hujenga ndani ya mfupa wa mguu akiba ya chokaa kwa ajili ya maganda ya mayai. Mwaka 2005 Mary Schweitzer na wenzake walieleza tishu ya namna hiyo katika paja la Tyrannosaurus, na kwa hiyo wakaweza kusema kwamba mnyama yule alikuwa jike na alikuwa na mayai njiani.

Tabia nazo zinafuatana. Mwaka 1924 dinosaria mmoja aliyekutwa jangwani Gobi, Mongolia, juu ya kiota alihukumiwa kuwa mwizi wa mayai ya wenzake. Miaka ya 1990 lilipatikana yai la namna ileile likiwa na kiinitete ndani, na kiinitete kilikuwa cha ukoo wa mshitakiwa. Kisha akapatikana Citipati, wa ukoo huohuo, amekaa katikati ya kiota, miguu imekunjwa, mikono imetandazwa kufunika mayai pande zote. Kila aliyewahi kuingiza mkono chini ya tetea anayeatamia anaujua mkao huo, na anajua pia kinachofuata.

Mwaka 2021 zilitoka taarifa mbili zaidi. Kutoka China, kiinitete cha dinosaria wa ukoo huo kilionekana kimejikunja ndani ya yai, kichwa kimeinamishwa tumboni kati ya miguu, mkao unaofanana na ule wa kifaranga anayekaribia kutotolewa. Kutoka kusini mwa Argentina, mayai zaidi ya 100 na mifupa ya wanyama 80 wa aina ya Mussaurus yalionyesha kwamba miaka milioni 193 iliyopita dinosaria hao waliishi kwa makundi, wadogo wakikaa na wadogo na wakubwa na wakubwa.

Anayechimba kisima

Katika Bushmanland, Afrika Kusini, mwanzoni mwa karne iliyopita, watu waliokuwa wakichimba kisima katika shamba la Kangnas walifika kina cha mita 34 wakakuta jino na mifupa. Mwaka 1915 mnyama huyo akapewa jina la Kangnasaurus. Ni dinosaria mla majani, na mwamba alimokutwa ni tope la ziwa la kreta ya kale, iliyotoboa ardhi ngumu kama ilivyotoboa Mahenge, ila yenyewe iliwahi, ikawakuta dinosaria wakiwa hai. Hakuna kanuni ya jiolojia inayozuia kreta ya umri huo kujificha chini ya mchanga wa Singida.

Katika uwanda huu, watakaoikuta kwanza ni wachimba visima, wachimba choo na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwa sababu wao ndio wanaoshuka chini kila mwaka. Upande wa Eyasi na Wembere, ambako ardhi kweli imezama na kujaa mashapo, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania linatafuta mafuta, na kila kisima cha utafiti huleta juu tope la zamani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo na vya mimea, na kuvichimba bila kibali ni kosa. Atakayekuta jiwe laini lenye alama ya jani, mwiba au mfupa asiligonge zaidi wala asiliondoe na kulipeleka sokoni. Aandike mahali na kina, apige picha, amwone mtendaji wa kijiji ili taarifa ifike Idara ya Mambo ya Kale. Jiwe lililoondolewa bila kumbukumbu ya tabaka lake limepoteza umri wake, na jiwe lisilo na umri halimsaidii mtafiti hata likiwa zuri kiasi gani.

Walimu nao wana darasa lisilohitaji nauli kubwa: graniti ya miaka bilioni 2.6 nyuma ya shule na tetea uani. Mwanafunzi akiuliza tena kama dinosaria walifika Ihanja, ajibiwe kwamba wanyama wa nchi kavu hawakuwa na sababu ya kuiepuka, kwamba mwamba wa hapa hautunzi mifupa, na kwamba ushahidi, kama upo, utatoka kwenye shimo atakalochimba mtu wa hapahapa.